Leonia, Mfasiri wa Malango

Kila mwezi ulipokaribia kupevuka, wavuvi wa dagaa wa Bangwe walizirudisha taa zao za karabai ndani na kwenda kufa kwa Bi Saumu. Ndivyo walivyosema wenyewe, bila kuona haya: "Leo naenda kufa kidogo." Dagaa hufuata mwanga wa taa gizani. Mbalamwezi ikitanda ziwani, taa haina kazi, mitumbwi hupandishwa mchangani, na wanaume waliozoea kulala mchana hujikuta na mchana mzima usio na shughuli. Wengine hushona nyavu. Wengine, katika miaka ninayoisimulia, miaka ambayo ziwa lilituletea watu waliokimbia vita karibu kila juma, walijaza kibanda cha gemu cha Bi Saumu, wakaketi mbele ya runinga moja na kuuawa kwa zamu na mlinzi wa lango wa mchezo mmoja.

Diski ya mchezo huo ilivuka ziwa kutoka Kalemie, ng'ambo ya Kongo, ndani ya mfuko wa mfanyabiashara. Haikuwa na jalada, na maandishi yake yote yalikuwa ya Kifaransa. Haukuwa mpira wala mbio za magari. Ulikuwa mchezo wa shujaa mwenye upanga anayetembea katika nchi iliyoharibika, akipigana, akikusanya nguvu na kuzigawa atakavyo, kiasi mkononi, kiasi katika ngao, kiasi katika pumzi, mpaka afike langoni. Kila lango lilikuwa na mlinzi wake, na kila mlinzi aliua upesi. Aliyeuawa alirudishwa nyuma akaianze njia upya. Bangwe waliuita Malango. Ujiji, ambako diski kama hiyo iliingia katika kibanda kingine, vijana waliujaribu kwa siku chache, wakaupa jina la Kufakufa, wakarudi kwenye mpira wao.

Kilichotenganisha majina hayo mawili ni mtu mmoja. Namwandika yeye kwa sababu mwenye kipaza sauti hakumtendea haki, na mwenye kumpenda alimtaja mahali asipopaswa kutajwa.

Leonia alitoka Uvira. Alikuwa amekaribia kumaliza sekondari vita vilipoingia mtaani kwao. Alivuka kwa mtumbwi na watu asiowajua, akapelekwa kambi ya wakimbizi kama sheria ilivyotaka, akakaa huko akiwa hana ndugu hata mmoja. Siku moja alipewa kibali cha kuja Bangwe kumwona mama yake mkubwa, Angelina, ambaye macho yalikuwa yakimfifia. Muda wa kibali ukaisha. Leonia hakurudi. Nani angemwanikia Angelina dagaa zake? Nani angemwambia kwamba huyu anayeingia mlangoni ni jirani, wala si mwizi?

Angelina mwenyewe alivushwa ziwa hilohilo akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, katika machafuko ya zamani zaidi. Alikua Bangwe, akaolewa Bangwe, akazika mume Bangwe, na hakuna aliyemwuliza karatasi. Mama yake Leonia alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, aliyezaliwa baadaye ng'ambo mama yao aliporejea huko. Baina ya mama huyu na mtoto huyu hapakuwa na tofauti ya damu, ya lugha wala ya dini. Palikuwa na tofauti ya tarehe ya mtumbwi. Nimeishi Katubuka, humuhumu mjini, maisha yangu yote, nimehudhuria mikutano mingi ya kata, na bado sijampata kiongozi wa kunieleza kwa nini tarehe ya mtumbwi iwe na nguvu kuliko undugu.

Sasa niseme habari ya kibanda, ambacho nami nilikizoea. Sheria ya Bi Saumu ilikuwa moja: anayeshindwa anapisha. Ni sheria ya mpira, na vibanda vyote huifuata. Malango ulipoingia, wavuvi hawakuibadilisha. Mchezo uliotengenezwa ili mtu mmoja aucheze peke yake nyumbani kwao, wao waliucheza kama wanavyovuta wavu: huyu akifa anampa pedi ya kuchezea anayefuata, na shujaa anabaki yuleyule, na nguvu alizokusanya mmoja zinamfaa mwingine. Mjuzi wa michezo hiyo angewacheka. Lakini namna hiyo ndiyo iliyowafanya wauelewe, kwa sababu kila kifo kilitazamwa na watu wote, na kila kosa lilijadiliwa kama katika kikao cha ukoo.

Katikati ya kikao hicho alisimama Leonia, kando ya runinga, akisoma Kifaransa na kukitoa kwa Kiswahili. Pedi aliishika mara chache sana. Yeye ndiye aliyegundua kwamba kila mlinzi, kabla ya kupiga, hutamka sheria yake kwa maandishi chini ya kioo cha runinga.

"Anasema hivi," alifasiri siku moja. "'Aliyekuja na haraka atarudi na haraka.' Kaka Kassimu, usimkimbilie. Simama, umwache aje."

Kassimu, nahodha wa mtumbwi, alikuwa na mabega mapana na subira fupi. Alisimama kadiri alivyoweza, kisha akakimbia, akafa.

"Pisha!" kibanda kizima kikalia.

"Vidole vimeteleza."

"Vidole au moyo?" Leonia akamwuliza. "Amekuambia mwenyewe, mbele ya batu bote."

Walimcheka Kassimu, na walimcheka Leonia kwa hayo "batu bote" ya kwao Uvira, na yeye akacheka pamoja nao. Hapo ndipo nilipomwona akicheka, hapo tu.

Mwanzoni kabisa mchezo ulidai shujaa apewe jina. Kassimu alitaka liandikwe jina la Leonia. "Wewe ndiye macho yetu," alisema.

"Hapana, kaka. Jina langu lisiandikwe mahali popote."

"Unaogopa runinga?"

Leonia alichukua pedi, akachagua herufi moja moja, akaandika BANGWE. Wavuvi walishangilia, wakadhani ni heshima kwa mtaa wao. Bi Saumu, aliyezaliwa Ujiji na kuujua mji huu ndani na nje, hakushangilia. Yeye alijua habari ya kibali, kama Angelina alivyojua na kama nilivyojua mimi niliyeambiwa na Angelina. Kassimu hakujua. Alijua tu kwamba binti ametoka ng'ambo, na kwa mtu wa Bangwe hilo si habari. Nusu ya Bangwe imetoka ng'ambo.

Vijana wa Ujiji hawakukosa kuja kukejeli. Omari, fundi wa mpira wa kwenye runinga, alisimama mlangoni na kutazama vifo kadhaa.

"Wazee wangu, huu mchezo au msiba? Hakuna goli, hakuna kombe. Mnalipia kuuawa?"

"Wewe ukifungwa unapewa sababu?" Leonia akamwuliza.

"Sababu ni kwamba mwenzangu fundi."

"Basi huyu ni fundi anayekufundisha kabla ya kukufunga. Njoo ujaribu."

Omari alijaribu. Alikufa kabla hata ya kufika langoni, juu ya daraja, kwa mkono wa askari mdogo asiye na cheo chochote. Waliomcheka walifika mpaka nje. Akapisha, akaondoka, na siku ya tatu akarudi. Hakuondoka tena mpaka mwezi ulipokonda.

Angelina peke yake hakuupenda mchezo huo hata kidogo. Alikuja akipapasa ukuta, akimwita Leonia nyumbani. "Batu bazima," alilalamika, "munakufa na kufufuka mbele ya kioo kama hamna kazi. Kifo hakitoshi huko nje?"

Ndipo akaja Oswald. Alikuwa mtangazaji wa redio moja ya mjini, mwenye kipindi cha burudani ambamo alizipima filamu, nyimbo na michezo ya vijana. Mji ulimsikiliza. Akisifu, vibanda vinajaa. Akiponda, diski inatupwa. Malango alikwisha kuuponda kwa kufuata maneno ya Ujiji: "Kufakufa, mchezo wa kupoteza muda." Aliposikia kwamba Bangwe watu wanasimama mpaka nje ya mlango, alikuja mwenyewe mchana wa mbalamwezi, amevaa shati la kung'aa, na kinasa sauti mkononi.

Akapewa pedi. Akafa darajani, palepale alipofia Omari.

"Pisha, mtangazaji," Kassimu akamwambia. "Hapa cheo hakirudishi roho."

Oswald alicheka kwa ustaarabu, akapisha, akamgeukia Leonia. Akamwuliza ni kitu gani kinachowafanya watu wazima wapende kushindwa. Nilikuwepo, na maneno yake nimeyahifadhi kama nilivyoyasikia.

"Hawapendi kushindwa," alisema Leonia. "Wanapenda mlinzi asiyesema uongo. Huyu ni mkali, lakini alichokukataza jana ndicho atakachokukataza leo. Anatamka sheria yake kwanza, kisha anapiga. Ukifa, unajua umefia nini. Lango la namna hiyo mtu anaweza kujifunza kulipita, hata likimchukua mwaka. Mimi nimeona malango mengine, kaka. Yale hayafundishiki."

Oswald aliyaandika maneno hayo kwenye kiganja chake. Alipoinua kinasa sauti, Leonia alikifunika kwa mkono, akamvuta kando, penye jiko la Bi Saumu.

"Jina langu usilitaje. Sauti yangu pia isisikike."

"Kwa nini, dada? Una sauti nzuri na akili nzuri."

"Nakuomba. Maneno chukua. Sema umeyasikia kwa watu wa Bangwe."

"Nimekuelewa kabisa," Oswald akasema, akaweka mkono kifuani.

Giza liliporudi na wavuvi kurejea kazini, kipindi kikarushwa. Ilikuwa asubuhi, mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, nyavu zikitandazwa na redio ikining'inia kwenye mti wa mtumbwi. Oswald akatangaza kwamba amebadili hukumu yake. "Baada ya kuucheza mchezo huu kwa uvumilivu mkubwa, lango baada ya lango," alisema, "mimi mwenyewe nimegundua jambo." Kisha akayatoa maneno ya Leonia, moja baada ya jingine: mlinzi mkali asiyesema uongo, sheria inayotamkwa kabla ya kipigo, lango linalofundishika. Aliacha sentensi za mwisho tu, zile za malango mengine. Bila shaka hakujua za kufanyia nini.

"Amegundua!" mvuvi mmoja akapiga kelele. "Huyu hakuvuka hata daraja!"

Napenda jambo hili lieleweke vizuri, kwa kuwa wapo waliomtetea Oswald wakisema alitunza siri aliyopewa. Aliombwa afiche jina la mtu. Hakuombwa aweke lake mahali pake. Angeweza kusema "watu wa Bangwe wameniambia", maneno manne tu, na heshima ingekaa mahali salama. Lakini katika nchi yetu asiye na karatasi huhesabiwa kuwa hana hata mawazo, na aliyeokota mawazo yake huona ameokota kitu kisicho na mwenyewe.

Kassimu alikwenda moja kwa moja kwenye vichanja vya dagaa, akamkuta Leonia anageuza samaki juani.

"Umesikia alivyokuibia?"

"Nimesikia. Mwache, kaka."

"Nimwache? Mtu akiuza samaki wako utamwacha?"

"Maneno si samaki. Nakuomba, mwache."

Kassimu alidhani ni unyenyekevu. Katika kikosi chao palikuwa na desturi moja waliyoishikilia kama amana: mwenzao akidhulumiwa samaki, hawampigi mwizi. Wanasimama katikati ya mwalo na kulitaja jina la mwenye samaki kwa sauti, na alama za wavu wake, na mahali anapokaa, mpaka watu wote wajue mali ni ya nani na mwizi aone aibu. Wameokoa haki za wengi kwa njia hiyo. Kassimu akaona kwamba mwalo wa mwizi huyu ni redio. Akaenda kwenye kibanda cha simu, akapiga wakati wa kipindi cha wasikilizaji, na mji mzima ukamsikia.

"Bwana Oswald, shukrani kwa kipindi. Yale maneno ya Malango si yako. Ni ya Leonia. Yupo hapa Bangwe kwa Mama Angelina, nyumba ya pili kutoka mwaloni. Ni binti wa Kongo, amekuja juzijuzi tu kutoka Uvira, ndiyo maana Kifaransa anakijua. Ukibisha, njoo umwulize."

Kila neno lilikuwa ushahidi wa kumtukuza. Oswald akacheka hewani. "Haya, salamu nyingi kwa dada Leonia wa Bangwe, nyumba ya pili kutoka mwaloni," akasema, akaweka muziki.

Hazikupita siku nyingi wakaja maofisa wa uhamiaji na gari. Aliyewaongoza alianza kwa kumwamkia Angelina shikamoo. Haki yake namwandikia. Kisha akauliza, "Leonia wa redioni ni yupi?"

Leonia akajitokeza. Akaombwa kibali, akakitoa. Ofisa akakisoma, akakikunja.

"Huyu ni mtoto wangu," Angelina akasema, akinyoosha mkono hewani kumtafuta. "Wa mdogo wangu, tumbo moja."

"Mama, wewe ni raia?"

"Nimepiga kura zote."

"Na yeye?"

"Yeye ni mimi."

"Sheria haina 'yeye ni mimi', mama."

Wingu lilikuwa limetanda upande wa ziwa. Leonia akaomba aanue dagaa kwanza zisinyeshewe, akaruhusiwa. Alizianua zote, akazitia katika gunia, akaliweka gunia mahali ambapo mkono wa Angelina ungelifikia. Kisha akapanda gari la kumrudisha kambini.

Kassimu alifika akikimbia, gari likiwa limekwisha kupanda mlima. Alipoelezwa habari ya kibali, aliketi chini mchangani kama mtoto.

"Nimemtaja kwa wema," alisema.

"Wema wako umepanda gari la watu," Bi Saumu akamjibu, akaingia ndani.

Mimi sikumlaumu Kassimu, na hata leo simlaumu. Mtu anayeishi katika desturi ya kutaja jina ili haki ipatikane, atajuaje kwamba ipo nchi ndani ya nchi yake ambamo jina likitajwa haki inapotea? Nilikwenda kwa Oswald. Nilimkuta nje ya studio, akinywa chai. Nikamwomba jambo dogo: aseme hewani kwamba binti huyu ndiye aliyemfundisha, kwamba ana mama asiyeona, na kwamba wakubwa wenye huruma wamtazame upya.

"Kaka, mimi ni mtu wa burudani," alisema. "Siasa simo."

"Maneno yake ulipoyachukua, ulikuwa unachukua siasa au burudani?"

"Aliniambia nisimtaje. Sasa unataka nimtaje?"

Alikuwa anaamini alichokisema. Hilo ndilo lililonikasirisha kuliko yote.

Mwezi ukapevuka tena. Wavuvi wakaenda kwa Bi Saumu, lakini safari hii hakuna aliyesema anakwenda kufa. Shujaa wao, Bangwe, alikuwa amesimama mbele ya lango jipya, na chini ya kioo yaliandikwa maneno ya Kifaransa. Kassimu akaniomba nisome. Nilisoma sekondari, lakini Kifaransa sikufundishwa. Akaingia, akapigwa, akafa. Akaingia mwingine, akafa. Walijaribu kusimama, walijaribu kukimbia, walijaribu kurudi nyuma, na mlinzi akawaua wote kwa sababu aliyokwisha kuwaambia na ambayo hakuna aliyeweza kuisikia. Hakuna aliyepaza sauti "Pisha!" Pedi ilipita kimyakimya kama sahani ya sadaka.

Oswald naye alikuwapo. Alikuja kutafuta maneno mapya, akaketi mpaka alasiri, hakupata hata moja. Juma lililofuata alitangaza kwamba amebadili hukumu yake tena. Malango, alisema, ulianza vizuri, lakini mbele umeishiwa: unaua bila sababu, hauna maana, na watengenezaji wake ni watu wasiojali mchezaji. Akawashauri vijana warudi kwenye mpira. Vijana wakarudi. Bi Saumu akaiondoa diski ile na kuiweka juu ya kabati.

Nami nilikuwa nimeanza kumpeleka Angelina kambini kumtembelea Leonia. Ni safari ya kutwa, vumbi toka mwanzo hadi mwisho, na yeye alikuwa na gunia dogo la dagaa mapajani. Mara ya kwanza mlinzi wa lango alituambia tulete barua ya mwenyekiti wa mtaa. Tukaileta. Akasema barua haitoshi, zinatakiwa picha. Tukapiga picha, Angelina akitazama pembeni ya kamera. Tukarudi nazo. Safari hii palikuwa na mlinzi mwingine, kijana mpole, akasema picha hazihitajiki, ila utaratibu wa wageni umebadilika tangu juzi.

"Umekuwaje sasa?" nikamwuliza.

"Bado hatujaelezwa, mzee. Mrudi baadaye."

Nikamweleza Angelina, ingawa alikuwa amesikia. Aliketi juu ya gunia lake la dagaa, uso wake ukielekea lango asiloliona.

"Mwanangu," akaniambia, "ule mchezo wa kwa Saumu. Mlinzi wake alikuwa anasema kwanza, ndiyo?"

"Ndiyo, mama. Anasema kwanza, ndipo anapiga."

"Na kesho yake hageuzi maneno?"

"Hageuzi."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi ule ulikuwa mchezo mzuri," alisema. "Leonia alisema kweli. Mimi nilimgombeza bure."

Nyuma yetu gari lilipiga honi. Yule kijana mpole akatuinulia mkono, akatuomba tupishe. Nikamshika Angelina kiwiko, nikabeba gunia, tukapisha.